Ghorofa Zilizofungwa na Watu wa Katonga

Ziwa Tanganyika halina tabia ya bahari. Bahari hujaa na kupwa kila siku, na mvuvi wa pwani huijua saa yake kama ajuavyo saa ya sala. Ziwa letu hupanda kwa miaka na kushuka kwa miaka, bila ya kumpa mtu taarifa. Mwaka 1878 lilipanda mpaka likajifungulia njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, kisha likarudi chini mita kadhaa; ndiyo maana mgeni aendaye Ujiji kutazama mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 hustaajabu kukuta ukumbusho umesimama mbali na maji. Katika miaka hii ya karibuni ziwa limerudi kudai lililo lake. Tokea mwaka 2020 maji yamekuwa yakila ufuko. Yamewahamisha maelfu ya watu wa Gatumba nchini Burundi, yameingia katika mialo ya Kigoma, na mwaka 2024 yalipanda tena kwa kiasi cha kuogofya.

Katonga ni mmojawapo wa mialo hiyo. Uko kusini-magharibi ya mji wa Kigoma, mwendo wa kilomita chache tu, na wakazi wake wanaishi kwa dagaa na migebuka. Kazi ya dagaa hufanywa usiku wa giza, taa zikiwa juu ya maji; mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika. Alfajiri samaki huteremshwa, na hapo ndipo kundi la pili la wafanya kazi huingia: akina mama wanaonunua, wanaoanika na kugeuza dagaa juani, wapagazi, mafundi wa mashine na wa nyavu, mama lishe, vijana wa bodaboda. Watu hawa hawana budi kulala karibu na mwalo, maana atakayefika jua limekwisha panda atakuta kazi imeisha na wenzake wanahesabu fedha. Basi wamejenga au wamepanga vyumba karibu kabisa na ziwa, na ziwa limewafuata mlangoni.

Sheria nayo imewafuata. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria ya busara, nasi hatuipingi. Lakini maji yanapopanda, ukingo nao husogea, na mpimaji akifuata ukingo wa leo, nyumba iliyokuwa salama miaka kumi iliyopita yaweza kujikuta ndani ya mpaka bila ya mwenyewe kuhamisha hata tofali moja. Mtu anapoambiwa ahame, mkewe humwuliza neno moja tu: twende wapi? Jibu linalozoeleka katika miji yetu ni kiwanja cha mbali, mahali ambapo bomba la maji halijafika, gari la abiria hupita likipenda, na nauli ya kwenda na kurudi mwaloni hula faida yote ya sinia la dagaa.

Sisi twaona kwamba liko jibu jingine ambalo halijatazamwa vya kutosha, nalo limo katikati ya mji. Juu ya maduka.

Kigoma si mji wa maghorofa mengi. Lakini mtu akitembea jioni katika mtaa wa maduka, akainua macho, ataona jambo ambalo huonekana pia Tabora, Mwanza, Tanga na Dar es Salaam. Chini kuna duka la vitenge, la vipuri, la simu au la saruji, taa zawaka na watu wanapishana mlangoni. Juu ya duka hilo madirisha yamefungwa, mbao zimepauka, na ngazi iendayo huko ina kufuli lenye kutu. Ndani mna maboksi matupu, magodoro ya kuuza mwakani, majokofu mabovu, au hamna kitu kabisa ila popo. Paa lipo. Kuta zipo. Nguzo ya umeme iko mbele ya mlango, na tokea mwaka 2022 Kigoma imeunganishwa na gridi ya taifa, ikaachana na majenereta ya mafuta iliyoyategemea kwa miaka mingi. Bomba la maji lapita barabarani. Hospitali, shule, soko, bandari na stesheni ya reli viko mwendo wa miguu. Kilichokosekana ni mtu wa kulala humo.

Hapa msomaji atatuuliza swali la haki: je, mvuvi wa Katonga apandishwe ngazi na nyavu zake, na mkewe aanike dagaa dirishani juu ya duka la vitenge? La. Mvuvi na mwanikaji wana haki ya kukaa karibu na mwalo, nyuma ya mpaka wa maji, katika ardhi iliyopimwa. Lakini tazameni ni nani hasa anayebanana nao katika vyumba vya Katonga, Bangwe, Kibirizi na Ujiji. Yumo mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya mjini. Yumo muuguzi, karani wa bandari, mwuza duka, mlinzi, kuli, fundi cherehani wa barazani, mwanafunzi wa chuo. Hao kazi yao iko mjini, lakini mji hauna chumba wanachokimudu, na hivyo hukodi chumba kile kile ambacho mvuvi angekikodi. Mwalimu akipata vyumba viwili juu ya duka, atakiacha chumba chake cha mwaloni, na chumba hicho kitampata mtu ambaye maji yamemtoa. Nyumba hufanya kazi kwa mnyororo. Ukivuta pete ya juu, ya chini nayo husogea.

Tena wakati unatuhimiza. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora mpaka Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Reli ya kwanza ilipofika Kigoma mwaka 1914, kijiji cha wavuvi kiligeuka mji, na Ujiji, uliokuwa mji mkubwa wa biashara wa ziwa zima, ukaanza kuwa kitongoji cha jirani yake. Reli ya pili nayo itakuja na watu wake, nao watataka pa kulala. Wakikuta ghorofa zimefungwa na vyumba ni vichache, watapandisha kodi, na wa kwanza kusukumwa nje atakuwa mtu wa mwaloni. Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kesho. Mwenye kuishi katika chumba cha kupanga anajua kwamba kesho hiyo huja na notisi ya mwezi mmoja.

Ghorofa hizi zilifungwaje? Hazikujengwa ziwe tupu. Desturi ya mfanya biashara wa zamani, awe Mhindi, Mwarabu au Mswahili, ilikuwa kuishi na duka lake: katika nyumba ya chini, duka mbele na familia nyuma, katika nyumba ya ghorofa, duka chini na familia juu. Alishuka ngazi asubuhi, akafungua mlango, na usiku watoto wake walilala juu ya magunia yake. Duka na nyumba vilikuwa kitu kimoja. Mfanya kazi Mwafrika ndiye aliyewekwa mbali. Dar es Salaam Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa mji kwa kanda, Wazungu upande wao wa upepo mzuri, maduka na Wahindi katikati, na Mwafrika kandoni. Kanda zile zilifutwa pamoja na utawala ule, lakini mazoea yake hayakufutwa. Hata leo tukisema makazi ya mfanya kazi, mawazo yetu hukimbilia pembezoni mwa mji.

Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwezi wa Aprili 1971 Sheria ya Kutwaa Majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitwaliwa na Serikali, nyingi kati yake zikiwa hizi hizi za duka chini na makazi juu, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi ya Msajili ilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tokea mwaka 1962. Sheria ile ilikusudia kuvunja ukabaila wa majumba, na kwa hilo ilifanya kazi yake. Lakini tukisema kweli yote, jina la mwenye nyumba lilibadilika upesi kuliko hali ya nyumba. Kodi ilikuwa ndogo, matengenezo yakawa madogo zaidi, paa likavuja, bomba likaziba, na mpangaji wa ghorofa ya juu akachoka kupanda na ndoo. Soko huria lilipokuja katika miaka ya 1980 na 1990, chumba cha juu kikawa na faida zaidi kama ghala kuliko kama nyumba.

Kwa nyumba za watu binafsi sababu ni nyingine, nasi tumezisikia mara nyingi. Ya kwanza ni mirathi. Mzee amefariki, warithi ni saba, mmoja yuko Kigoma, mmoja Dar es Salaam, mmoja Muscat, mmoja hajulikani. Duka la chini lina mpangaji analipa, kwa hiyo hakuna mwenye haraka, na juu pamefungwa mpaka watakapopatana, nao hawapatani. Ya pili ni woga wa mwizi. Mwenye duka anasema: nikimweka mtu nisiyemjua juu ya bidhaa zangu, siku moja nitakuta dari limetobolewa. Woga huu si wa kuchekwa, ingawa hatujui mlinzi bora wa duka kuliko familia inayolala juu yake na kusikia kila kishindo. Ya tatu ni ngazi: mwenye nyumba alipotaka kupanua duka aliimeza ngazi ndani, na sasa huwezi kwenda juu ila kwa kupita nyuma ya kaunta. Ya nne ni gesti. Kigoma hupokea wafanya biashara kutoka Kalemie, Uvira na Bujumbura, na chumba cha kulala kwa usiku mmoja huleta fedha nyingi kuliko chumba cha mwezi. Hatuna ugomvi na gesti, lakini mji hauwezi kuwa wa wapitaji peke yao.

Sasa tutazame hilo la ghala, maana ndani yake mna hatari ambayo wengi hawaipimi. Mhandisi anapochora sakafu ya nyumba ya kuishi, kwa kawaida huihesabia mzigo wa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba: watu, vitanda, kabati. Sakafu ya ghala huhesabiwa kwa kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha bidhaa. Basi mwenye duka akijaza chumba cha kulala kwa bidhaa mpaka kimo cha mita tatu, ameitwisha sakafu ile kilo zaidi ya 700 mahali palipokusudiwa 150. Zege halipigi kelele siku hiyo. Hunyamaza, likapata ufa, likapakwa chokaa, likanyamaza tena. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la maduka lilianguka Kariakoo, watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Hatudai kwamba jengo lile lilianguka kwa sababu ya ghala la juu. Twasema tu kwamba jengo la biashara likibadilishwa na kila mtu kwa faida yake bila ya mhandisi kuitwa, wanaokufa ni wauza duka, wapagazi na wanunuzi. Na kwa upande wa uzito, kumrudisha mtu na kitanda chake mahali pa magunia ni kulipunguzia jengo mzigo.

Lakini kurudisha watu bila ya kutengeneza ni kosa la pili, na mfano wake uko Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na familia nyingi zikapewa vyumba humo. Nia ilikuwa njema: wasio na nyumba waliingia katika nyumba. Lakini nyumba zile ni za mawe na chokaa, sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko, na kuta hizo hazipendi maji. Majiko na vyoo viliongezwa ghorofani, mabomba yakavuja ndani ya ukuta, boriti zikaoza, na katika miaka iliyofuata nyumba baada ya nyumba iliporomoka, mpaka Serikali ikaunda Mamlaka ya Mji Mkongwe mwaka 1985. Hata jengo kubwa kuliko yote, Beit-el-Ajaib, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kazi hii ni ya kuvunja kufuli na kugawa funguo.

Kazi yenyewe inajulikana, na fundi wa kawaida aweza kuieleza. Kwanza, ngazi ya peke yake itokayo barabarani au uani, ili mpangaji asipite dukani na mwenye duka asilale na wasiwasi. Pili, maji: tangi, pampu pale ambapo bomba halina nguvu ya kupanda, na choo kilichojengwa mahali pamoja toka juu mpaka chini, ili bomba la maji machafu lishuke moja kwa moja hadi shimoni bila ya kuzunguka ndani ya kuta. Tatu, moto. Hili twalitilia mkazo. Duka la chini laweza kuwa la magodoro, la rangi au la mitungi ya gesi. Familia inayolala juu yake lazima iwe na njia ya pili ya kutokea, na dari kati yao liwe la kuzuia moto kwa muda wa kuokoa watoto. Mkaa nao hauwezi kuwa nishati ya jiko la ghorofani katika chumba kisicho na hewa. Penye duka la petroli ya chupa au la gesi, mtu asilale juu, hata kama chumba ni kizuri namna gani. Nne, mita ya umeme ya peke yake, maana ugomvi wa luku umevunja ujirani mwingi kuliko ugomvi wa wanawake na wanaume.

Kuhusu sheria, mlango haukufungwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yaruhusu kubadili matumizi ya jengo kwa kibali cha mamlaka ya mipango, ambayo kwa Kigoma Ujiji ni Halmashauri ya Manispaa. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 yaruhusu ghorofa moja kuwa na hati yake mbali na duka la chini. Maana yake ni kwamba warithi wale saba wangeweza kugawana jengo kwa ghorofa badala ya kugawana chuki. Mambo haya yamelala katika vitabu vya sheria, na mwananchi wa kawaida hajaelezwa.

Kodi ndiyo iliyo kinyume. Tokea mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa luku, mtu anaponunua umeme, na mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kikawa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa katika miji. Njia hii ni rahisi kwa mkusanyaji, nasi twaisifu kwa hilo. Lakini tazama inavyofanya kazi. Ghorofa inayokaliwa huwasha taa, hununua umeme, hukatwa. Ghorofa iliyofungwa haiwashi taa. Deni laweza kuandikwa, lakini halimwumi mwenye nyumba mpaka siku atakaponunua umeme. Kwa hiyo anayetia watu ndani hutozwa papo kwa papo, na anayefungia popo husubiriwa. Wenzetu wa Vancouver, nchini Kanada, waligeuza jambo hili juu chini mwaka 2017: nyumba isiyokaliwa ndiyo ikatozwa kodi ya ziada. Ireland nayo tokea mwaka 2015 imewapa nafuu ya kodi wenye majengo ya kale ya katikati ya miji kadhaa, Dublin na Cork ikiwamo, wakiyatengeneza yakakaliwe. Sisi hatuna haja ya kuiga viwango vya Wazungu. Ingetosha mwenye ghorofa anayetengeneza na kupangisha asamehewe kodi ya ghorofa hiyo kwa miaka michache, na anayefunga kwa miaka mingi bila sababu atozwe mara mbili. Kigoma haiwezi kufanya hivyo peke yake, maana kodi hii hupangwa na Bunge; lakini wabunge wa Kigoma wapo, na hoja ni yao kuibeba.

Twafika sasa kwenye jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko ngazi na mabomba. Chumba kikisha kutengenezwa, nani atakimudu? Mwenye nyumba wa leo hutaka kodi ya miezi sita, au mwaka mzima, mkononi kabla ya ufunguo. Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza yake, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wamebaki kutazamana. Karani mwenye mshahara huenda akakopa na kulipa miezi sita. Mtu wa mwaloni hawezi. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania na nchi jirani za ziwa zilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaane. Kufunga kule kulikuwa na maana, kwani ziwa likikauka samaki hakuna Katonga wala Kalemie. Lakini kwa miezi ile mitatu mvuvi, mwanikaji na kuli wa mwaloni hawakuwa na mapato yao ya kawaida, na mwenye nyumba hakusitisha kodi. Mtu wa namna hiyo kumdai miezi sita mbele ni kumfukuza kwa adabu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila ghorofa itakayopata msamaha wa kodi au msaada wowote wa umma itoke na sharti: kodi ilipwe kwa mwezi, au kwa miezi mitatu kwa kuzidi, na mkataba uwe wa maandishi kwa Kiswahili, wenye muda wa notisi unaojulikana. Mwenye nyumba asiyetaka sharti hilo ana uhuru wa kutengeneza kwa fedha zake na kulipa kodi yake. Atakayetaka mkono wa umma aushike wote.

Nani aanze? Katika jambo hili ni rahisi mno kumnyooshea kidole mwenye duka, hasa akiwa na jina la kigeni, na kuacha majengo ya umma yakitazama. Shirika la Nyumba la Taifa lina nyumba mikoani mote, Kigoma ikiwamo. Halmashauri ina majengo. Reli na Bandari zina majengo, mengine ya tangu wakati wa Wajerumani. Vyama vya ushirika, jumuiya za dini na vyama vya siasa vina majengo yenye fremu za maduka mbele, na vyumba nyuma au juu ambavyo havijulikani vina nini. Wenye dhamana hizi waanze wao, wafungue ngazi zao mbele ya macho ya watu, kabla hawajamwandikia barua mfanya biashara. Atakayesema jengo lake ni bovu haliwezi kukaliwa, basi aseme pia kwa nini duka la chini yake linaendelea kupangishwa.

Kazi ya matengenezo nayo ni riziki. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana waashi, mafundi bomba na mafundi umeme, wakipewa ghorofa kumi za kutengeneza kwa mkopo huo chini ya mhandisi wa Halmashauri, watarudisha mkopo upesi kuliko kikundi kilichopewa pikipiki moja watu watano. Tumeona pikipiki hizo zinavyoishia.

Wako watakaotuambia kwamba ghorofa zote za Kigoma zikijazwa hazitatosha kwa wote waliopakana na maji. Ni kweli. Manispaa yenye watu zaidi ya laki mbili haiwezi kuokolewa na vyumba vya juu ya maduka, na viwanja vilivyopimwa nyuma ya Katonga vitahitajika bado, vikiwa na maji na barabara. Lakini mji unaopima viwanja vipya pembeni, huku ukiacha paa zilizokwisha ezekwa katikati, unajenga barabara, mabomba na shule mara ya pili kwa fedha za watu wale wale wanaohamishwa. Kila kilomita ya bomba jipya ni fedha ambayo ingeweka ngazi, matangi na vyoo katika mtaa mzima wa maduka.

Twaiomba basi Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji ianze na jambo dogo. Watendaji wa mitaa wenye maduka ya ghorofa waitwe, kila mmoja na daftari. Waandike: jengo lipi, la nani, juu pana vyumba vingapi, pamefungwa tangu lini, ngazi iko wapi, choo kipo au hakipo, chini huuzwa nini. Mhandisi na mtu wa Zimamoto wapite nyuma yao na kutia alama palipo salama na pasipo salama. Kigoma ya maduka si kubwa. Hiyo ni kazi ya wiki mbili au tatu, nayo haihitaji mfadhili wala semina. Orodha ikikamilika ibandikwe mahali panaposomeka, mmoja ofisini kwa Manispaa na mwingine kwenye mwalo wa Katonga, kabla mvua za masika hazijaanza na ziwa kupanda tena.